Namba mbili ni wa nani?

Kikundi: WAZAZI LA KWANZA – NKUHUNGU

*JUMATATU*

*Mama Neema:* Habari za asubuhi wazazi wenzangu. Leo ndiyo leo. Sisi tumefika saa moja kasoro kumi. Mwalimu wa zamu kasema mzazi mwisho getini, ndani wanaingia wenyewe.

*Mama Kulwa:* Sisi bado tunatafuta soksi. Jana usiku niliweka nne juu ya kiti, asubuhi ziko tatu

*Baba Sabrina:* Mama Kulwa nipo nje na bajaji. Nina watoto wanne wameshakaa. Wako watoke na soksi tatu au bila soksi, mimi naondoka

*Mama Kulwa:* Dakika moja baba

*Baba Sabrina:* Hiyo dakika moja ni ya tatu sasa

*Baba Jeni:* Habarini. Hivi kule korongoni panapitika? Mvua ya usiku imenitisha. Tumehamia juzi tu kutoka Dar, mimi nilijua masika ni Machi.

*Mama Neema:* Karibu Dodoma baba 😂 Huku msimu ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, ikishakata ni vumbi mpaka usahau mvua inafananaje. Pitia juu kwa fundi baiskeli, usishuke korongoni.

*Baba Jeni:* Nimeshashuka

*Baba Jeni:* [picha]

*Mama Kulwa:* Yesu wangu, hicho kiatu ni cha mtoto?

*Baba Jeni:* Changu. Mtoto nimembeba mgongoni.

*Mama Neema:* Jamani mimi ndiye ninayelia. Neema kaingia hata hajageuka. Nimebaki nimeshika geti kama naomba kazi ya ulinzi

*Baba Jeni:* Afadhali wewe. Jeni kanishika mkanda mpaka watu wakaanza kutuangalia. Nikamwambia naenda dukani kununua maji, narudi sasa hivi. Nimepata gari, niko njiani Mtumba.

*Mwalimu Mstaafu:* Wazazi hamjambo. Baba Jeni mwanangu, hapo umekosea, na sikusemi kwa ubaya. Mtoto uliyemwambia unanunua maji atakaa anaangalia mlango mpaka kengele ya kutoka. Hatasikia a wala e. Kesho ukimwambia neno la kweli hataliamini. Mwambie hivi: "Naenda kazini, mkitoka saa tano na nusu utamkuta mama chini ya mwarobaini." Kisha ondoka, hata akilia. Na huyo mama awepo kweli saa tano na nusu, siyo saa sita kasoro. Nimekaa na la kwanza miaka 31. Nilikuwa nawaona dirishani: mzazi bado anafuta machozi getini, mtoto ameshamnyang'anya mwenzake kifutio.

*Baba Jeni:* Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa. Nampigia mama yake awahi.

*Mama Babu:* Shikamoo mwalimu. Babu wangu hakulia hata kidogo. Kaingia kama mtu aliyeajiriwa.

*Mwalimu Mstaafu:* Marahaba wanangu. Mama Babu, wasiolia siku ya kwanza uwaangalie wiki ya pili.

*Mama Babu:* 🙏

*Mama Kulwa:* Taarifa ya mchana. Kulwa kapangwa mkondo A, Doto mkondo B. Doto katoka B kwa dirisha, kaingia A kwa mlango, kakaa. Mwalimu wa A anawaangalia wawili anajiuliza macho yake yana nini. Nimeitwa.

*Baba Sabrina:* Si ungewavalisha kitu kimoja tofauti

*Mama Kulwa:* Niliwavalisha. Kulwa ndiye mwenye soksi moja. Kumbe njiani kwenye bajaji yako walibadilishana

*JUMANNE*

*Mama Neema:* Naomba niulize jambo la aibu kidogo. Neema jana na leo kafika nyumbani mbio, kapita uji, kapita salamu, moja kwa moja chooni. Yaani anabana mkojo tangu asubuhi. Nimemuuliza, anasema tundu la shule ni kubwa, atatumbukia.

*Baba Jeni:* Na mimi nilikuwa naona haya kuuliza. Jeni hajui kuchuchumaa. Nyumba zote tulizopanga Dar vyoo vilikuwa vya kukaa. Kaniuliza, "Baba, kile choo kiti chake wameiba?"

*Mama Kulwa:* 😂😂😂 kimeibwa

*Mama Kulwa:* Wangu hawana hilo tatizo. Wao wanamalizia nyuma ya mwarobaini, na wameshakamatwa

*Mwalimu Mstaafu:* Hili wala si la aibu, ni kubwa kuliko kusoma. Tundu la choo cha shule limepimwa kwa mguu wa mtoto wa la saba. Wa la kwanza akisimama pale anaona shimo la kisima. Na ndani giza, na wakubwa wanagonga mlango. Basi anaamua kubana. Anayebana mkojo hawezi kushika penseli vizuri, anatikisa miguu, mwalimu anasema huyu ni mtundu. Wengine wanaacha kunywa maji asubuhi ili wasibanwe, jua hili la Dodoma, saa nne kichwa kinamuuma.

*Mwalimu Mstaafu:* Fanyeni hivi. Jumamosi nendeni nao shuleni, mwombeni mlinzi, muingie nao chooni kukiwa kimya. Mwonyeshe miguu inakaa wapi. Ajaribu mwenyewe. Halafu angalieni nguo. Mkanda na vifungo vya chuma mtoto wa miaka sita havifungui akiwa amebanwa. Weka lastiki. Sketi haina shida, kaptula ndiyo zinazowaumbua.

*Baba Sabrina:* Mwalimu ungekuwepo wakati wangu. Mimi nilijiumbua Kizota mbele ya mstari wa shule nzima, mwaka siutaji

*Mama Neema:* Asante sana mwalimu. Fundi cherehani anayejua kubadilisha mkanda kuwa lastiki kwa haraka ni nani? Mtoto wa dada yangu anaihitaji

*Mama Babu:* Mimi nafanya mama. Niletee, elfu moja tu kwa kaptula.

*ALHAMISI*

*Mama Neema:* Jana kwenye kikao cha wazazi tumekubaliana mchango wa uji: mahindi debe moja kwa muhula kwa kila mtoto au hela yake, na sukari tutagawana. Asiye na mahindi sasa hivi atoe baada ya mavuno. Ambaye hakuja kikaoni asije akasema hakuambiwa.

*Baba Jeni:* Si elimu ni bila ada?

*Mama Neema:* Ada ndiyo haipo baba. Tumbo la mtoto bado ni lako.

*Baba Jeni:* Haya, natuma hela.

*Mama Babu:* Naomba ushauri. Babu anasema mwalimu hamwiti. Wenzake wote asubuhi wanaitwa majina wanasema "nipo", yeye haitwi. Leo kaniuliza, "Mama, mimi sijafika?"

*Mama Kulwa:* Uuwi jamani 😢

*Mama Neema:* Ni wengi mno mama. Neema anasema kwenye dawati wanakaa wanne, na Babu ndiye wa pembeni, nusu yupo hewani. Mwalimu mmoja watoto zaidi ya mia, atamfikia tu.

*Baba Sabrina:* Mfundishe kunyoosha kidole. Huyo Babu kwenye bajaji yangu mpole sana, hata nikikata kona haongei

*Mama Babu:* Haya, nitamwambia.

*JUMATATU*

*Mama Kulwa:* Wiki ya pili imeanza. Kulwa kagoma. Jamani si tulimaliza hii habari wiki iliyopita? Ati "mbona jana nilienda"

*Baba Sabrina:* Hahahaha kwani alijua ni siku moja

*Mama Kulwa:* Alijua ni kama harusi. Unavaa, unaenda, unakula, imeisha

*Baba Jeni:* Wangu leo kaenda anakimbia. Ana rafiki kamfundisha kusalimia "mbukwenyi", kaingia nayo mpaka ndani kaniamkia mimi nikaangalia nyuma.

*Mama Neema:* Ulitakiwa uitikie baba 😂

*JUMATANO*

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Ndugu wazazi na walezi, salaam. Nimeletewa na shule majina ya watoto wa mtaa wetu walioandikishwa darasa la kwanza ambao mpaka leo HAWAJARIPOTI.
1. Salima Juma
2. Yeremia Mathayo
3. Elizabeti Daudi
Mwenye taarifa zao anione ofisini au aandike hapa. Tunakumbushana kwamba kumwacha mtoto nyumbani ni kosa kisheria. Asanteni.

*Mama Neema:* Salima mama yake amehamia Singida tangu Krismasi. Elizabeti ana tetekuwanga, mama yake aliniambia niseme shuleni, nikasahau, nisameheni.

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Nashukuru. Namba mbili ni wa nani?

*Mama Kulwa:* Namba mbili simjui

*Baba Sabrina:* Mathayo yupi? Mathayo wa mashine hana mtoto wa umri huo. Mathayo dereva wa lori mtoto wake ni Babu, na huyo nambeba kila siku kwa mkono wangu. Kwa hiyo si yeye

*Mama Kulwa:* Labda wale waliopanga nyuma ya kanisa, waliohama usiku na deni la maji

*Mama Neema:* Mtoto wa watu sasa hivi yuko Bahi anachunga mbuzi, wenzake wanaandika.

*Baba Jeni:* Hapa niseme ukweli jamani. Ada ilishafutwa zamani. Shule ipo hapo hapo, mtoto anatembea kwa miguu. Mzazi anaandikisha mtoto, halafu anamfungia nyumbani, wiki mbili! Watu wa namna hii mimi naona mwenyekiti asiwabembeleze. Amfuate na mgambo.

*Baba Sabrina:* Naunga mkono. Usafiri natoa bure

*Mwalimu Mstaafu:* Subirini. Msimtafute mzazi bado. Mwaka 1994 nilikuwa na mtoto nimemwandika mtoro wiki tatu, na kila asubuhi nilikuwa nampa dasta anifutie ubao. Nyumbani walikuwa wanamwita Mjomba, kwa sababu amerithi jina la mjomba wa mama yake. Jina la kwenye daftari hakuna aliyewahi kumwita nalo tangu abatizwe. Nilipoliita, alinyamaza pamoja na wengine, akageuka na yeye kuangalia huyo mtoro ni nani. Ulizeni kwanza mtoto huyo nyumbani anaitwaje.

*Mama Neema:* Ee makubwa

*Mama Kulwa:* Kwa hiyo anaweza kuwa yupo shuleni??

Ilikuwa saa nne kasoro usiku ujumbe huu ulipoingia:

*Mama Babu:* Wazazi nisameheni, simu ilikuwa imezima chaji, ndiyo naona sasa. Huyo namba mbili ni mwanangu. Ni Babu.

*Mama Babu:* Mwenyekiti naomba mgambo wasije. Mtoto hajakosa hata siku moja. Baba Sabrina ni shahidi.

*Baba Sabrina:* Mungu wangu

*Mama Babu:* Alipozaliwa walimpa jina la baba mkwe wangu. Na mimi ni mkamwana, jina la mkwe silitamki, ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyolikuta kwa mume wangu. Basi nikawa namwita Babu. Bibi yake naye anamwita Babu. Shangazi yake, ambaye ndiye mwalimu wa chekechea ya kanisani kule Mvumi alikokuwa mpaka Desemba, yeye anamwita Baba, maana ni jina la baba yake. Oktoba baba yake ndiye aliyemwandikisha na cheti, akaondoka na lori Mwanza. Mimi nilipeleka mtoto getini tu, kama tulivyoambiwa. Kumbe mwalimu anaita jina ambalo mtoto hajawahi kulisikia likimwita yeye.

*Baba Jeni:* Lakini mama, hata hapa hujaliandika. Kuandika nako hairuhusiwi?

*Mama Babu:* Kuandika ni kutamka kwa kidole baba.

*Baba Jeni:* Nimekuelewa. Na maneno yangu ya mchana nayafuta. Naona aibu.

(Ujumbe huu umefutwa)

*Mama Kulwa:* Baba Jeni tulishausoma 😂

*ALHAMISI*

*Mama Babu:* Nimetoka shuleni. Mwalimu kacheka mpaka kakaa chini. Kanionyesha daftari la mahudhurio: kwenye jina la mwanangu utoro mara nane umejipanga. Halafu kafungua ukurasa wa mwisho, kaandika kwa penseli, "Babu – hayupo kwenye orodha, mzazi aje." Anasema kila akimuuliza jina lako kamili nani, anajibiwa, "Babu wa Bibi." Akadhani kafuata wenzake tu, wapo wengi wa hivyo wiki za mwanzo. Amefuta zote nane.

*Mama Neema:* Afadhali. Sasa yameisha.

*Mama Babu:* Bado mama. Mwalimu kamwita pale pale jina lake, mtoto kaangalia ukutani. Anasema hilo si lake. Baba yake kampigia simu kutoka Mwanza kamwambia wewe ndiye fulani, kamkatia simu baba yake. Mimi sasa nitamfundishaje jina nisilolitamka?

*Mwalimu Mstaafu:* Mama mkwe wako yuko hapo?

*Mama Babu:* Yupo, alikuja nae Desemba.

*Mwalimu Mstaafu:* Mpelekee yeye. Hilo ni lake.

Jioni, saa kumi na mbili na robo:

*Mama Babu:* [sauti, sekunde 52]

*Mama Neema:* 😭😭

*Baba Sabrina:* Daah

*Baba Jeni:* Nipo kikaoni Mtumba siwezi kufungua sauti. Mtu aniandikie tafadhali, kuna nini?

*Mama Kulwa:* Ngoja nikuandikie. Bibi anaita: Yeremia! Kimya. Anaita tena: Yeremia! Mtoto anasema: Bibi, Yeremia si yuko kaburini Mvumi? Hapo bibi kanyamaza, wanasikika kuku tu. Halafu kasema: Yule alikuwa mkubwa, wewe ndiye mdogo. Yeye akiitwa haitiki tena, basi itika wewe. Mtoto kasema, nipo. Bibi kasema, kwa nguvu, mwalimu yuko mbele wewe uko nyuma. Mtoto kasema NIPO mpaka simu imekwaruza. Halafu bibi kasema kitu Kigogo sijakielewa, ikakatika.

*Mama Babu:* Kasema, "Haya nenda ukale." Mwaka wa nne huu, tangu azikwe, mama hajalitaja lile jina. Mimi nilikuwa jikoni, nimejifunika kanga.

*Baba Jeni:* Nimetoka nje ya kikao.

*IJUMAA*

*Mama Neema:* Taarifa kutoka kwa ripota wangu Neema, dawati la tatu. Mwalimu kaita "Yeremia Mathayo". Babu kasimama juu ya dawati, NIPO! Darasa zima likashtuka. Mwalimu kampigia makofi. Akaita jina linalofuata, Babu NIPO. Linalofuata, NIPO. Ameitikia watoto sita mpaka mwalimu akamwambia, mwanangu sasa kaa, umefika.

*Mama Kulwa:* 😂😂😂 amefidia siku zake nane

*Baba Sabrina:* Na kwenye bajaji leo kaongea njia nzima. Kaniuliza na mimi naitwa nani. Nikamwambia Baba Sabrina. Kasema hapana, la kwenye daftari

*Mama Kulwa:* Sasa tukuite Mama Yeremia?

*Mama Babu:* Jamani msinitafutie laana. Mama Babu inatosha.

*Mama Neema:* Jumatatu kuvusha barabara ya malori zamu ya nani? Mimi nina kliniki.

*Baba Jeni:* Nichukue mimi. Nimeshanunua buti za mvua.

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Habari za jioni. Naandika taarifa ya kupeleka kata. Namba mbili amepatikana?

*Baba Sabrina:* Amepatikana mwenyekiti. Alikuwa shuleni